Lakiri ya Hewa Safi

Jumatatu moja ya mwezi wa tano, saa nne kamili asubuhi, Wakala wa Hewa ya Majumbani uliwatangazia wananchi wa Songea kwamba hewa, ambayo tangu enzi za mababu ilikuwa ikiingia na kutoka majumbani mwa watu bila utaratibu wowote, sasa imewekewa utaratibu. Tangazo lilisomwa na Mkurugenzi wa Kanda, Bwana George Mbawala, akiwa amesimama chini ya hema, na nyuma yake mashine mia mbili na kumi na mbili za kusafisha hewa zimepangwa kama askari wa gwaride. Alisema ndani ya miezi mitatu kikohozi kitakuwa historia. Kisha akakohoa, akanywa maji, akaendelea.

Hotuba ile iliandikwa na Beda Luambano, Afisa Hewa Daraja la Pili. Beda alikuwa mtu wa miaka arobaini na minne, mrefu, mwenye kola iliyopigwa pasi hata siku za mvua. Miaka kumi na minne ya utumishi wake aliimalizia masjala akitunza mafaili, na hakuwahi kupoteza hata moja. Alipohamishiwa kwenye hewa hakuona tofauti kubwa. Faili huingia, hukaa, hutoka. Hewa nayo ni hivyo hivyo. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba tatizo likishapewa namba ya kumbukumbu, nusu yake imeshatatuliwa, na nusu iliyobaki ni ya kusubiri tu.

Mashine zenyewe hazikuokotwa barabarani. Zilichaguliwa na Kamati ya Uteuzi, iliyokaa vikao tisa chini ya uenyekiti wa Mkurugenzi, Beda akiwa katibu. Kwenye kikao cha pili ilisomwa barua ya fundi mmoja wa mjini, aliyeshauri kwamba kabla ya kununua mashine ya namna hii mtu aulize mambo machache: chumba kina ukubwa gani, chujio la mashine ni la aina gani, chujio jipya linapatikana wapi la zamani likichoka, na mashine inakula umeme kiasi gani. Kamati ilimshukuru fundi kwa uzalendo wake, ikaona kwamba barua iko nje ya mada, ikaendelea na ajenda ya taa. Kulikuwa na mashine ndogo yenye taa mbili, ambayo machujio yake yaliuzwa dukani hapo hapo sokoni, na kulikuwa na mashine kubwa yenye taa saba, ambayo hakuna aliyejua machujio yake yanauzwa wapi. Mkurugenzi alisema taa saba zinampa mwananchi matumaini. Zikapita bila kupingwa.

Ndipo mjumbe mmoja akauliza itakuwaje wananchi wakizifungua. Swali hilo liliwatisha wajumbe kuliko vumbi lote la kiangazi. Ukazaliwa Waraka Namba Nne, uliosema kwamba mashine ni mali ya umma na tumbo la mashine ni siri ya umma, na kwamba kila mashine itafungwa lakiri, yaani ule mhuri mwekundu wa plastiki kama wa mita ya umeme. Mamlaka ya kuikata lakiri yalibaki kwa Mkurugenzi peke yake, wala hayakaimishwi. Beda alizifunga lakiri zote mia mbili na kumi na mbili kwa mkono wake, siku mbili mfululizo, na alipomaliza vidole vilikuwa vimemvimba na moyo umemjaa.

Nyumba ya kwanza kupewa mashine pale Mjimwema ilikuwa ya Mama Theodosia Mbano. Alikuwa mjane wa makamo, aliyeendesha mashine ya kusaga nafaka kwa miaka ishirini mpaka mgongo ulipomwambia inatosha. Alikaa na mjukuu wake Noela, mtoto wa miaka sita mwenye pumu, ambaye mama yake alikuwa akifanya kazi ya kibarua kwenye mashamba ya tumbaku Namtumbo. Pumu ya Noela ndiyo iliyowapa nafasi ya kwanza kwenye orodha. Beda aliitazama ile mashine ikishushwa kwenye gari akajiambia kwamba hapo sasa serikali inaonekana kwa macho.

Aliiweka sebuleni, kwenye kona, nyuma ya kabati, kama mwongozo ulivyoelekeza, ili wezi wasiione. Akafunga madirisha yote, kwa kuwa mwongozo ulisema hewa iliyosafishwa ikitoka nje ni upotevu. Ilikuwa inaingia Juni, na baridi ya Songea ya mwezi huo haina adabu, kwa hiyo Mama Theodosia, kama majirani zake wote, alikuwa ameingiza jiko la mkaa ndani ili mtoto apate joto. Beda aliliona jiko. Lakini mwongozo haukuwa na kipengele cha jiko, naye hakuwa mtu wa kuongeza vipengele. Akabonyeza kitufe. Taa zote saba zikawaka nyekundu.

Mama Theodosia aliuliza wekundu ule una maana gani. Beda akafungua mwongozo, akamsomea kwamba taa nyekundu ni ishara kuwa mashine inafanya kazi kwa bidii.

Akawa anapita kila Ijumaa kukagua. Ijumaa ya kwanza taa zilikuwa nyekundu, akaandika: bidii. Ijumaa ya pili zilikuwa nyekundu, akaandika: bidii inaendelea. Ijumaa ya tatu aliwakuta majirani wamekaa barazani. Noela alikuwa amebanwa kifua alfajiri, midomo imebadilika rangi, na bibi yake akamkimbiza hospitali kwa bajaji akiwa amemfunika blanketi. Sasa mtoto alikuwa amerudi, amelala kwenye kochi, kila pumzi ikipiga mluzi mdogo kama birika linalokaribia kuchemka.

Beda alisimama pale na fomu yake mkononi. Fomu ilikuwa na swali moja tu: Je, mwananchi ameridhika na hewa? Na majibu yalikuwa mawili ya kuchagua, Ndiyo, na Ndiyo Sana. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake aliliacha swali wazi.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, baba. Hebu kaa nikuulize kitu." Mama Theodosia aliielekeza ile mashine kwa kidevu. "Hii inavuta hewa chafu, sivyo? Uchafu wake inauweka wapi?"

Beda akamwambia unabaki ndani.

"Na huwa mnakuja lini kuukung'uta?"

Beda akamweleza, tena kwa ufasaha, kwamba maombi ya kukung'uta hupelekwa kata, kata hupeleka kanda, kanda hupeleka makao makuu, na makao makuu hutuma fundi mwenye kibali ndani ya siku tisini za kazi, sikukuu hazihesabiwi. Mama Theodosia alimsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu mwenye adabu.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimesaga mahindi miaka ishirini. Chekeche usipolikung'uta, linaziba. Siku tisini huyu mtoto atakuwa anavuta nini?"

Beda alisema atalifikisha suala hilo mahali panapohusika. Aliporudi ofisini alilifikisha kweli, na mahali panapohusika pakamrudishia kwa maelekezo kwamba aambatishe picha mbili za pasipoti za mtoto.

Ijumaa mbili zilizofuata alikuwa kwenye semina ya kuongeza uelewa wa hewa. Alipopita tena Mjimwema, alibisha hodi akaingia, na jambo la kwanza lililomshtua ni kwamba aliona vizuri. Dirisha lilikuwa wazi. Jiko la mkaa lilikuwa barazani, juu yake sufuria ya maharage. Mashine haikuwa nyuma ya kabati tena. Ilikuwa chumbani kwa mtoto, imeachana na ukuta kama hatua moja, na taa zake zote saba zilikuwa za kijani, rangi ambayo Beda hakuwa anajua kwamba mashine ile inayo. Noela alikuwa amekaa sakafuni anakula muhogo na kuimba mdomo ukiwa umejaa.

Juu ya meza, ndani ya kisosi, palikuwa na lakiri nyekundu, imekatwa.

"Sikuitupa," Mama Theodosia alisema. "Ni mali ya umma."

Akamweleza kwamba asubuhi sasa anafungua madirisha hewa ipite, halafu akishafagia anafunga mlango wa chumba na kuiwasha. Akaanza kumsimulia alichokikuta ndani, lakini Beda aliinua mkono haraka na kugeuza uso upande wa ukuta. Tumbo la mashine lilikuwa siri ya umma, naye hakuwa na daraja la kuisikia. Beda alimtazama Noela kwa muda mrefu. Mluzi haukuwepo. Kisha akatoka, na njia nzima ya kurudi mjini hakujibu salamu za watu.

Alijua la kufanya, na hakulitaka. Mwisho aliandika taarifa ya mistari miwili, fupi kuliko zote alizowahi kuandika, akaitia kwenye faili lisilohusika kwa matumaini kwamba itapotea. Lakini masjala alikuwa ameipanga mwenyewe kwa miaka kumi na minne, na ndani ya siku moja taarifa ilikuwa mezani kwa Mkurugenzi.

Bwana Mbawala aliipokea kama zawadi. Wiki ile alikuwa akimsubiri mkaguzi kutoka makao makuu, Bi Shamimu Daimu, na tayari alikuwa amemwandalia ripoti yenye picha za rangi, iliyoonyesha kuwa hewa imesafishwa katika nyumba zote kwa asilimia mia moja. Kitu pekee kilichokosekana kwenye ripoti ni adui. Akaagiza mama huyo aitwe mbele ya kamati Jumatano, mkaguzi akiwepo, na mashine yake ichukuliwe siku hiyo hiyo ipewe mwananchi mtiifu. Beda aliuliza, kwa sauti ya chini, kuhusu mtoto. Mkurugenzi akasema mtoto anaruhusiwa kuhudhuria.

Jumatano walikaa ofisini kwa Mkurugenzi, madirisha yamefungwa na mapazia yameshushwa. Nyuma ya kiti chake ilisimama mashine kama zile nyingine, ila yeye alikuwa ameivalisha kitambaa cha kufuma. Bi Shamimu, mama mnene mtulivu mwenye ushungi wa bluu, aliketi pembeni na daftari, na kila baada ya dakika chache alijikohoza kwa staha. Mama Theodosia aliingia amevaa kitenge chake cha kanisani, Noela kamshika mkono. Alikiri kosa kabla hajaulizwa. Alisema alitumia kisu cha jikoni, akakifuta kwanza.

Mkurugenzi aliongea kwa dakika ishirini kuhusu utii. Alisema kufungua mashine ni sawa na kufungua ikulu. Alisema anasikitika kwamba wako wananchi wasiojua tofauti kati ya mashine iliyotunzwa na mashine iliyochokonolewa, na maneno yakamnogea, akageuka kwa Beda.

"Katibu. Ikate lakiri ya hii yangu. Naidhinisha mimi mwenyewe. Haijaguswa na mkono wa mtu tangu ilipokuja, na mgeni wetu aone utii unavyofanana."

Beda aliondoa kile kitambaa. Akaikata lakiri aliyoifunga kwa mkono wake, akabonya pale palipochorwa mshale, na mfuniko ukatoka. Wavu wa mbele ulikuwa umeota manyoya ya kijivu, mazito, kama paka aliyejikunja. Yakamdondokea kwenye viatu. Nyuma ya wavu lilikuwepo chujio lenyewe, jeupe kabisa, linang'aa, halina hata doa moja.

Mkurugenzi alitabasamu. Akamwomba mgeni atazame weupe ule.

Bi Shamimu alisimama, akasogea, akagusa. Chujio likatoa mchakacho. Lilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, umefungwa pande zote, kama lilivyotoka kiwandani.

Mashine iliendelea kunguruma, taa nyekundu, ikifanya kazi kwa bidii.

"Hii nailoni ni ya nini?" Bi Shamimu aliuliza.

Mkurugenzi alisema ni sehemu ya ulinzi wa chujio.

"Na hewa inapita wapi?"

Mkurugenzi akafikiri. Alisema inapita kwa utaratibu.

Mama Theodosia aliomba ruhusa ya kusema, akapewa. Akaeleza kwamba ya kwake nayo ilikuwa hivyo hivyo, na kwamba hakuwa na ujuzi wowote. Juu ya nailoni kulikuwa na picha ya mkono ukiivua. Noela ndiye aliyeiona, maana miwani ya bibi yake ilikuwa imevunjika. Bibi akaivua nailoni, akauosha wavu kwa maji na kuuanika kivulini, akalirudisha chujio kubwa bila kulilowesha, kwa sababu pembeni yake kulichorwa bomba la maji lililokatwa kwa alama ya X. Noela alitikisa kichwa kuthibitisha.

Bi Shamimu alifungua ukurasa mpya wa daftari. Akamwuliza Katibu ni mashine ngapi katika kanda hii ambazo lakiri zake hazijakatwa.

Beda alihisi macho ya Mkurugenzi. Yalikuwa macho ya uhamisho, na Beda aliyajua, kwa sababu barua zote za uhamisho zilikuwa zikipita masjala. Angeweza kusema takwimu bado zinachakatwa. Sentensi hiyo alikuwa nayo mdomoni, tayari, imenyooka. Akamtazama mtoto, aliyekuwa amekaa wima kwenye kiti kikubwa mno kwake, anapumua bila kelele yoyote. Katika chumba kile cha watu wazima wanaokohoa, ni yeye peke yake aliyekuwa kimya.

"Zote, mama," Beda alisema. "Isipokuwa ya mshtakiwa, na hii tuliyoifungua sasa hivi."

"Kwa hiyo nyumba zilizosafishwa hewa ni ngapi?"

"Moja."

Bi Shamimu aliandika moja. Akaitazama ile ripoti ya picha za rangi, akaifunga taratibu. Naye alikuwa mtu wa ofisi, hakupandisha sauti. Akaagiza nailoni zivuliwe nyumba zote kabla ya mwisho wa mwezi. Mkurugenzi akasema mara moja atawatuma vijana. Bi Shamimu akamkumbusha kwa upole kwamba mamlaka ya kukata lakiri ni yake peke yake na hayakaimishwi. Sahihi iliyokuwa chini ya Waraka Namba Nne ilikuwa ya Mkurugenzi mwenyewe. Akamwuliza kama ana koleo au apewe. Kuhusu Mama Theodosia, kesi yake iliahirishwa mpaka itakaposahaulika, na kwa kuwa ndiye mtu pekee kanda nzima mwenye uzoefu wa mashine inayofanya kazi, Katibu aende kwake akajifunze.

Hivyo ndivyo Jumatatu iliyofuata, mchana mmoja wa jua kali na upepo wa baridi, Beda alijikuta uani kwa Mama Theodosia amekunja mikono ya shati, wavu wa mashine ndani ya beseni, akifundishwa kupitisha maji bila kuukwaruza. Mama alimwambia wavu ni kila baada ya wiki mbili, na kiangazi, watu wanapochoma mashamba, ni kila wiki. Alimwambia chujio kubwa halioshwi, likishakuwa jeusi linabadilishwa, na kwamba la kubadilishia halipo popote Songea, kwa hiyo afadhali Wakala uanze kulitafuta leo. Beda aliandika yote. Hayakuwa na namba ya kumbukumbu, na alishangaa kuona kwamba yanaeleweka hata hivyo. Noela alikuwa anaruka kamba karibu na mgomba, anahesabu, anafika sitini na tatu, anaanza upya.

Simu ya Beda ikaita. Alikuwa Mkurugenzi, na sauti yake ilikuwa imekauka.

Alikuwa kwenye nyumba ya kumi na moja, mitaa miwili kutoka pale, kwa Bi Mwanaisha, mfanyabiashara wa korosho aliyehamia mjini kutoka Nakapanya. Alibisha, akakaribishwa vizuri, akatoa koleo na kuielekea mashine. Bi Mwanaisha akamwuliza yeye ni nani. Akajibu ni Mkurugenzi. Bi Mwanaisha akasema alhamdulillahi, siku hizi hata matapeli huwa ni wakurugenzi, akaomba kibali cha kukata lakiri chenye sahihi ya Mkurugenzi. Bwana Mbawala alisema Mkurugenzi ni yeye. Bi Mwanaisha akamwonyesha bango lililobandikwa ukutani na Wakala wenyewe, lenye picha ya Mkurugenzi, ambaye kwenye picha alikuwa na nywele. Akamlinganisha. Kisha akamletea kikombe cha kahawa, akamwambia astarehe, akatoka na kufunga mlango kwa kufuli, akaenda kumtafuta mtendaji wa kata. Na mtendaji, majirani walisema kupitia nondo za dirisha, alikuwa amekwenda semina.

Sasa ilikuwa saa ya pili tangu afungiwe mle ndani. Madirisha yalikuwa yamefungwa kama mwongozo ulivyoelekeza. Taa zilikuwa nyekundu. Alitaka Beda aje mara moja na barua ya utambulisho.

Beda alijifuta mikono. Pikipiki ingemfikisha pale kwa dakika nne. Alitazama wavu ndani ya beseni, maji yalikuwa bado hayajatakata. Alimtazama Mama Theodosia, ambaye alikuwa amesikia kila neno na sasa alikuwa anashughulika sana kuyakoroga maharage yasiyohitaji kukorogwa.

Akanyoosha kola yake.

"Mheshimiwa Mkurugenzi," alisema kwa heshima zote, "suala lako limepokelewa na linafanyiwa kazi."